Saratani Ikipanda Kichwani: Nani Yuko Hatarini, na Dalili Zipi Hazifai Kusubiri

Tuseme mama mmoja wa Mwatate alitibiwa saratani ya titi miaka miwili iliyopita. Alifanyiwa upasuaji, akamaliza dawa, nywele zikaota tena, akarudi shambani na kanisani. Mwaka huu ameanza kuumwa na kichwa. Maumivu humwamsha alfajiri, na akishatapika hupata nafuu kidogo. Duka la dawa linampa dawa ya malaria. Wiki ya pili anapewa dawa ya presha. Wiki ya tatu mkono wa kulia unakuwa mzito, kikombe kinamponyoka, na jamaa wanaanza kunong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Anapofikishwa hospitalini Voi, mwezi mzima umepita.

Mfano huu haumhusu mtu fulani, lakini familia nyingi za kaunti yetu zitautambua. Makala haya yanauhusu mwezi huo uliopotea. Yanaeleza jinsi saratani iliyoanzia kwingine mwilini inavyofika kwenye ubongo na kwenye utando unaoufunika, ni nani aliye katika hatari zaidi, na kila mmoja wetu anaweza kufanya nini mapema.

Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), lilikadiria kwamba mwaka wa 2020 Wakenya 42,116 waligunduliwa kuwa na saratani, na wengine 27,092 wakafariki kutokana nayo. Wengi wa wagonjwa hawa ugonjwa wao hautafika kichwani kamwe. Lakini miongoni mwa watu wazima, uvimbe wa saratani unaopatikana kwenye ubongo mara nyingi ni ule uliotoka sehemu nyingine ya mwili, wala si ule uliozaliwa humo humo.

Saratani hufikaje kichwani?

Ubongo una ulinzi wa kutosha. Nje kuna fuvu. Chini ya fuvu kuna tando tatu: wa juu ni mgumu kama ngozi, na miwili ya ndani ni myororo. Kati ya tando hizo za ndani hupita maji maangavu yanayouzunguka ubongo na kuteremka hadi mwisho wa uti wa mgongo. Kwa mtu mzima, maji haya ni takriban mililita 150 tu, kiasi kisichojaza kikombe cha chai.

Saratani hutumia njia nne kuupita ulinzi huo.

Ya kwanza, na inayotumika zaidi, ni damu. Ubongo una uzito wa takriban asilimia 2 ya mwili, lakini hupokea kati ya asilimia 15 na 20 ya damu inayosukumwa na moyo. Chembe za saratani zikijitenga na uvimbe wa kwanza na kuingia kwenye damu, baadhi hunaswa katika mishipa midogo ya ubongo, zikajipenyeza na kuanza kukua.

Ya pili ni mfupa. Saratani ya tezi dume na ya titi hupenda kuhamia kwenye mifupa. Ikiushika mfupa wa fuvu, inaweza kuugusa ule utando mgumu ulio chini yake na kuukandamiza ubongo kutoka nje.

Ya tatu ni neva. Saratani ya jicho ya watoto, kwa mfano, inaweza kufuata neva ya jicho moja kwa moja hadi kwenye ubongo.

Ya nne ni yale maji yenyewe. Chembe zikishaingia humo, huelea na kutua popote: chini ya ubongo, kwenye neva za uso, au kiunoni kwenye mizizi ya neva za miguu. Hali hii huwapata takriban wagonjwa 5 kati ya 100 wenye saratani za viungo kama titi na mapafu, na mara nyingi huwa ugonjwa umekaa muda mrefu.

Kuna jambo moja zaidi la kufahamu. Mishipa ya damu ya ubongo ina kizuizi kinachochuja kinachoingia, ili sumu zisiufikie. Kizuizi hicho huzuia pia dawa nyingi za saratani. Ndiyo maana mgonjwa anaweza kuendelea vizuri kifuani na tumboni, kumbe chembe chache zilijificha kichwani ambako dawa haikufika.

Si kila saratani hupanda kichwani

Kigezo cha kwanza cha hatari ni aina ya saratani yenyewe. Saratani ya mapafu inaongoza duniani kote kwa kufika kwenye ubongo. Inafuatwa na ya titi, na ile ya ngozi inayoitwa melanoma. Ya figo na ya utumbo mpana hufika pia, ingawa mara chache zaidi. Saratani ya damu na ya tezi huweza kuingia kwenye maji ya ubongo.

Saratani ya mlango wa kizazi na ya koo la chakula, ambazo zinawasumbua Wakenya wengi, ni nadra kufika kwenye ubongo. Ya tezi dume ikifika kichwani, kwa kawaida huishia kwenye fuvu na utando wa nje.

Hata ndani ya saratani ya titi kuna tofauti. Baadhi ya uvimbe una protini nyingi iitwayo HER2. Mwingine hauna HER2, wala vipokezi vya homoni, na madaktari huuita hasi-tatu. Aina hizi mbili ndizo hupanda kichwani zaidi. Kwa wanawake ambao saratani yao ya HER2 tayari imesambaa mwilini, takriban theluthi moja hadi nusu hupata uvimbe kwenye ubongo wakati fulani. Kwa hivyo kipimo cha HER2 na cha homoni si karatasi ya kuongeza gharama. Kinamwambia daktari ni mgonjwa gani wa kufuatiliwa kwa karibu. Ukitibiwa saratani ya titi, uliza: "Yangu ni ya aina gani?" Una haki ya kujua.

Kuhusu melanoma, wengi hudhani ni ugonjwa wa Wazungu. Kwa watu wenye ngozi nyeusi huonekana zaidi pasipotazamwa: kwenye wayo, kwenye kiganja, au chini ya ukucha. Doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa, au kidonda cha wayo kisichopona si la kukwaruza kwa wembe wala kutia dawa ya kienyeji. Lionyeshe kwa daktari.

Mambo mengine yanayoongeza hatari

La kwanza ni hatua ya ugonjwa. Uvimbe uliokua, uliofika kwenye tezi za kwapa au shingo, au ambao tayari umeonekana kwenye mapafu, ini au mifupa, umepata nafasi nyingi za kumwaga chembe kwenye damu. Kila mwezi wa kungoja huongeza nafasi hizo.

La pili ni umri. Katika saratani ya titi, wanawake waliougua wakiwa vijana huwa katika hatari kubwa zaidi ya ugonjwa kufika kwenye ubongo kuliko walioupata uzeeni, kwa sehemu kwa sababu saratani ya ujanani huwa kali.

La tatu ni kukatiza matibabu. Nauli inakosekana, dawa zinaleta kichefuchefu, au mgonjwa anajisikia amepona na kurudi shambani kabla ya kumaliza. Chembe zilizobaki hazijui kwamba kuna kazi shambani.

La nne ni kinga ya mwili iliyoshuka. Mtu anayeishi na virusi vya HIV bila kutumia dawa ana hatari kubwa zaidi ya kupata saratani ya tezi, ikiwemo ile inayoanzia kwenye ubongo wenyewe. Kumeza ARV kila siku hupunguza hatari hiyo.

La tano linawahusu wale ambao tayari wana uvimbe kwenye ubongo. Uvimbe ukiwa kisogoni na ukatolewa vipande vipande, baadhi ya chembe zinaweza kuponyokea kwenye yale maji. Madaktari wa upasuaji wa ubongo wanalijua hilo, kwa hivyo hujitahidi kuutoa ukiwa mzima pale inapowezekana, na mionzi hufuata baada ya upasuaji. Usikose miadi ya mionzi kwa kudhani kwamba kisu kimemaliza kazi.

Yapo pia mambo yanayoongeza hatari ya saratani ya mapafu, ambayo ndiyo chanzo kikuu. Sigara ndiyo ya kwanza. Moshi wa kuni katika jiko lisilo na dirisha unahusishwa nayo pia. Kwa vijana wetu wanaochimba mawe ya thamani, vumbi la mwamba lenye silika ni hatari iliyothibitishwa. Kulowesha mwamba wakati wa kutoboa, na kuvaa barakoa inayoziba vizuri, ni kinga ya maana kuliko kitambaa kilichofungwa puani.

Watoto wetu: uvimbe wa taya na jicho linalong'aa

Saratani mbili za watoto zinastahili kutajwa kwa sababu mzazi ndiye huziona kwanza.

Ya kwanza ni limfoma ya Burkitt. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Uganda, aliieleza mwaka wa 1958 baada ya kuona watoto waliovimba taya. Baadaye ilibainika kwamba inatokea sana mahali penye malaria nyingi, na kwamba kirusi cha Epstein-Barr kinahusika. Nchini Kenya imekuwa ikionekana zaidi kandokando ya Ziwa Victoria na hapa Pwani. Taveta inaijua malaria tangu zamani. Kati ya mwaka wa 1954 na 1959 nyumba za huko na za Upare, ng'ambo ya mpaka, zilipuliziwa dawa ya dieldrin katika mradi mkubwa wa kupambana na mbu, na vifo vya watoto vikapungua. Neti ya leo inaendeleza kazi ile ile.

Burkitt hukua haraka ajabu. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu kwa siku chache. Ukienea, au ukiingia kwenye uboho wa mifupa, hatari ya kufika kwenye ubongo na maji yake hupanda. Mtoto anaweza kupooza upande mmoja wa uso, kuona viwili viwili, au kushindwa kutembea. Katika Taasisi ya Saratani ya Uganda, iliyoanza mwaka wa 1967 pale Mulago, Kampala, daktari John Ziegler na wenzake waliona kwamba wapo watoto ambao uvimbe uliyeyuka tayani, kisha ugonjwa ukarudi kichwani. Wakatumia dawa inayodungwa moja kwa moja kwenye maji ya uti wa mgongo. Njia hiyo bado inatumika katika matibabu ya Burkitt na ya saratani ya damu, hata kabla ugonjwa haujafika kichwani.

Ya pili ni saratani ya jicho, retinoblastoma, inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Mboni hung'aa nyeupe kama jicho la paka gizani, hasa kwenye picha iliyopigwa kwa mwanga wa simu, au jicho linaanza makengeza. Ikigunduliwa ingali ndani ya jicho, watoto wengi hupona. Ikiachwa hadi jicho litokeze nje, huwa imeshaanza safari ya kuelekea kwenye ubongo. Ukiona mng'ao huo mweupe, mpeleke mtoto hospitalini wiki hiyo hiyo.

"Ikiguswa na kisu inasambaa": je, ni kweli?

Hili tunaliulizwa kila tunapofanya mikutano ya afya. Mtu anaambiwa akatwe kinyama kidogo titini kipelekwe maabara, jirani anamwonya: "Usikubali, ukiguswa na kisu itapanda kichwani."

Kukatwa kinyama cha kupima titini hakupeleki saratani kwenye ubongo. Imani hii imetokana na tunachokiona. Wagonjwa wengi hukubali kupimwa wakiwa wamechelewa, wakati chembe zilishasafiri miezi mingi kabla. Dalili za kichwani zinapojitokeza baada ya upasuaji, kisu ndicho hulaumiwa. Na bila kipimo hicho hakuna daktari anayeweza kujua dawa ipi itafaa.

Wengine huogopa kutolewa maji mgongoni, kwa sababu wamesikia kwamba huleta kupooza au kifo. Sindano hiyo huingizwa chini kiunoni, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umekwishia. Pale daktari anaposhuku kwamba kichwani kuna shinikizo kubwa, hupiga picha ya CT au MRI kwanza ili kuhakikisha ni salama. Wanaofariki baada ya kipimo hicho, kwa kawaida ni ugonjwa mzito uliowafikisha hospitalini ndio uliowaua.

Na kuhusu kurogwa: mtu aliyebadilika tabia ghafla, anayesahau majina ya watoto wake au anayeongea maneno yasiyoeleweka, anaweza kuwa na uvimbe unaokandamiza ubongo. Sala haikatazwi na mtu yeyote. Tunachoomba ni kwamba isichukue nafasi ya kipimo.

Dalili zisizongojewa

Malaria ipo, presha ipo, na maumivu mengi ya kichwa hayatokani na saratani. Lakini kwa mtu ambaye aliwahi kuwa na saratani, hata kama ni miaka mingi iliyopita, dalili hizi zipelekwe hospitalini mara moja:

• Maumivu mapya ya kichwa yanayozidi alfajiri, akilala au akikohoa, hasa yakija na kutapika.
• Kifafa kinachomwanza mtu ukubwani.
• Udhaifu au ganzi ya mkono, mguu au uso upande mmoja.
• Kuona viwili viwili, kuona ukungu, kupotewa na maneno, au kuyumba anapotembea.
• Kubadilika kwa tabia, kuchanganyikiwa, au usingizi usio wa kawaida.
• Maumivu ya shingo au mgongo yakiambatana na miguu kuisha nguvu, au kushindwa kuzuia mkojo au choo.
• Uso kupinda, masikio kuziba, au kumeza kwa shida bila sababu inayojulikana.

Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna vimelea, usikubali kupewa dawa ya malaria ya kubahatisha. Sema wazi: "Niliwahi kutibiwa saratani." Maneno hayo matatu yanaweza kubadilisha mwelekeo wa daktari.

Mtu akipata kifafa, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, na usimtie kijiko wala kidole mdomoni. Kisha mfikishe hospitalini.

Hatua za kuchukua hapa kwetu

Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, lakini usikwame hapo dalili zinapoendelea. Omba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi iliyoko Voi. Kutoka huko, madaktari ndio wataamua kama mgonjwa apelekwe Mombasa, katika Hospitali Kuu ya Mafunzo na Rufaa ya Pwani yenye kituo cha saratani, au Nairobi, katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, ambako kuna mionzi na upasuaji wa ubongo. Kwa mwenye kifafa, aliyepoteza fahamu au aliyeishiwa nguvu za miguu, hiyo ni dharura: nenda moja kwa moja hospitalini, mchana au usiku.

Weka faili ya mgonjwa mahali panapojulikana na watu wawili nyumbani. Ndani yake kuwe na ripoti ya maabara iliyotaja aina ya saratani, muhtasari wa kuruhusiwa hospitalini, orodha ya dawa, na picha zote. Wagonjwa hupoteza siku nyingi kwa kurudiarudia vipimo kwa sababu karatasi zilibaki Wundanyi na mgonjwa yuko Mombasa.

Hakikisha familia yote imesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA). Unaweza kujisajili kwa kubonyeza *147# kwenye simu. SHA ina fungu la matibabu ya saratani. Uliza katika dawati la SHA hospitalini ni huduma zipi zinazogharamiwa na kiasi kilichobaki kabla matibabu hayajaanza.

Mwambie pia mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea kijiji chako kwamba nyumbani kuna mtu aliyetibiwa saratani. Ni rahisi zaidi kwake kuona mabadiliko akiwa na habari hiyo.

Kuna matibabu?

Ndiyo, ingawa ni vyema kusema ukweli. Kwa watu wazima wengi, saratani iliyofika kwenye ubongo haiponi kabisa. Lakini inatibika, na kuwahi kuna faida kubwa. Dawa ya kupunguza uvimbe, kama deksamethasoni, inaweza kumrudishia mgonjwa maneno na nguvu za mkono ndani ya siku chache. Inahitaji kuandikwa na daktari, usiinunue dukani. Upasuaji na mionzi humwongezea mgonjwa muda na kumwondolea mateso. Zipo dawa mpya zinazopenya kile kizuizi cha ubongo. Watoto wenye Burkitt au saratani ya damu wanaweza kupona hata ugonjwa ukiwa umefika kichwani, mradi wafikishwe mapema na wamalize matibabu.

Mtu aliyekatika nguvu miguuni kwa siku moja ana nafasi nzuri ya kutembea tena kuliko aliyelala kitandani wiki tatu. Na pale tiba inapofikia ukingo, tiba shufaa ipo. Inatuliza maumivu, kichefuchefu na wasiwasi, na kumwezesha mgonjwa kukaa na watu wake akiwa na heshima yake. Coast Hospice ya Mombasa ni mojawapo ya vituo vinavyotoa huduma hiyo katika ukanda wetu.

Turudi kwa yule mama wa Mwatate. Hakuna aliyeweza kumzuilia chembe zilizotoroka titini kabla hajajua. Lakini siku ya kwanza alipoamshwa alfajiri na maumivu, kama yeye, mumewe au muuza dawa angekumbuka kwamba aliwahi kuwa na saratani, angefika Voi na mkono wake wa kulia ukiwa bado na nguvu za kushika kikombe.